Furushi Mgongoni

Tarehe 4 Machi

Kwako mwanangu Kidole,

Pokea salamu zangu mimi mama yako. Ni mzima, isipokuwa magoti, na magoti unayajua. Bibi yako, mama mzaa baba yako, anakusalimu sana. Macho sasa yanaona mwanga na kivuli tu lakini ulimi bado unaona kila kitu. Mdogo wako Chiriku anakusalimu, anasema kioo cha simu yake kimepasuka, na anajua nawe unajua kwa nini nimeambiwa nikuandikie hilo. Mjomba wako fundi cherehani anakusalimu, amepata miwani mipya na sasa anaona makosa yake yote ya zamani. Mama Mapacha wa mlango wa pili anakusalimu, na mapacha wenyewe wanakusalimu, wale waliovunja kamba yangu ya kuanikia wakasema ni upepo. Hata shangazi yako, ambaye tumenuniana tangu yale mambo ya kabati, ametuma salamu, nami nazifikisha maana salamu si mali yangu kuzikalia.

Sasa salamu zimekwisha. Tafuta mahali ukae.

Naandika kwa mkono wangu, kwa herufi hizi zangu za darasa la jioni, kwa sababu nikikasirika kwenye simu wewe unasema "mama, mtandao unakata." Barua haikati. Utaisoma mpaka mwisho.

Kiboksi chako kimefika. Nikakifungua mbele ya watu kwa furaha yangu, nikitoa pamba, nikitoa pamba, nikasema mwanangu ametuma meno, maana mimi najua mwanangu anatengeneza meno ya bandia. Ndivyo nilivyowaambia watu. Kumbe ndani ya pamba kuna askari! Kiaskari cha bati, urefu wake kidole changu cha mwisho. Na karatasi yako inasema meno uliacha tangu mwaka jana, sasa uko karakana ya mtu anayetengeneza majeshi madogo, na wazee wenye mvi zao wanayapanga mezani, wanarusha dadu, wanapigana vita vya zamani upya. Watu wazima, Kidole! Wenye wake na wajukuu! Mimi vita vilinichukulia mume, wao wanaviwekea meza na vikombe vya chai.

Hilo ningelimeza. Ningekasirika siku mbili tatu nikalimeza. Lakini ukaendelea. Ukaandika, nanukuu maneno yako: "Mama, huyu ni mmoja wa wale waliokimbia kwenye vita vya daraja na mali za watu mgongoni. Nimechonga furushi mwenyewe, tazama mafundo. Muulize yule kinyozi wa kona, nasikia alikuwa jeshini wakati ule, kombania ya pili walivaa alama gani begani?"

Nikatazama. Kweli, kiaskari kinakimbia, kimeinama, mgongoni kina furushi kubwa, limefungwa kwa kamba mbili, na mafundo umeyachonga mpaka nyuzi zinaonekana. Mkono wako ni mzuri. Heri ungekuwa mbaya.

Kidole, kombania ya pili ni kombania ya baba yako.

Ndiyo. Nilikuambia alifia vitani, sikukuambia wapi wala na nani. Unakumbuka ile nyumba ya kwanza, yenye ngazi za mawe? Unafikiri tulihama kwa sababu ya paa? Tulihama kwa sababu watoto wa pale walikuwa wanakuimbia "mtoto wa mtoro, mtoto wa mwizi," na wewe ulikuwa mdogo hata unawaitikia kibwagizo. Nikafunga vyombo. Nikasema huyu atakua bila kulijua neno hilo. Na leo neno hilo umelichonga wewe, ukalifunga kwenye pamba, ukaniletea mlangoni!

Tena hata kuchonga kwenyewe umekosea. Umemvika mabuti! Mabuti wangeyatoa wapi? Walikwenda na viatu vya matairi, kamba mbili mbele na moja nyuma, baba yako alivikata mwenyewe pale uani, akaniachia uchafu wa mpira nifagie. Na begani hawakuwa na alama yoyote. Alama ilikuwa kwenye chupa ya maji, kila mtu alifunga kitambaa chake asiichanganye na ya mwenzake. Baba yako alikata upindo wa gauni langu jipya, la maua, bila kuniuliza. Sikumsemesha siku nzima. Siku yenyewe ilikuwa ya mwisho.

Acha kazi hiyo. Bibi yako hajui, nimemwambia umetuma meno. Nijibu.

Ni mimi mama yako mwenye hasira.


Tarehe 15 Machi

Kwako mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Msalimie bibi, Chiriku, mjomba na wote. Mwambie Chiriku kioo nimekisikia.

Mama, barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, ingawa uliniambia nikae. Halafu nikakaa kweli.

Nianze na hasira yako au yangu? Maana na mimi ninayo. Mimi ni mtu mzima, mama. Nimeuliza habari za baba tangu nina meno ya utoto, ukawa unanipa chakula nile ninyamaze. Umenificha baba yangu, halafu unanigombeza kwa kutomjua.

Kazi yangu si ya wanasesere. Askari wanatoka kiwandani wote sawasawa, kama meno ya bandia kabla ya kupimwa mdomo wa mtu. Mimi ndiye ninayewageuza. Nakata mkono kwa msumeno mwembamba kama uzi, natoboa bega kwa keekee ya kushika vidoleni, natia waya, naupachika mkono upande mwingine. Halafu nachanganya udongo wa gundi, wa rangi mbili, naukanda mpaka unakuwa kijani, na kabla haujakauka nachonga: mkunjo wa shati, kifungo, pua ndogo kuliko punje ya mtama. Natumia vyombo vilevile vya kuchongea meno. Bosi aliniona nikichonga jino, akasema mkono huu unapotea mdomoni mwa watu.

Hii ni kazi kubwa kuliko zote alizowahi kunipa. Ni meza ya maonyesho, ina mto wa gundi inayong'aa kama maji na daraja la vijiti. Aliyeagiza ni meja mstaafu, alikuwa mkubwa wao vita vile. Alileta picha ya gazeti la zamani, imepigwa kutoka ukingoni, mbali, imefifia. Watu wanavuka daraja kwa mbio, migongoni wana vitu vikubwa. Meja akaweka kidole pale akasema, "Mafurushi. Waliibia vijiji viwili, wakaacha daraja wazi. Niliona kwa macho yangu." Nami nikachonga nilichoambiwa. Wote wameshakauka, wapo kwenye trei, wanakimbia.

Nikikataa nitasema nini? Kwamba mama yangu amekasirika?

Nakuuliza jambo moja tu, na safari hii usinipe chakula. Baba alikimbia au hakukimbia?

Mabuti nimeyakata. Nimeanza viatu vya matairi. Kamba ya nyuma inapita juu ya kisigino au chini?

Mwanao, Kidole.


Tarehe 24 Machi

Kidole,

Salamu leo ni fupi. Wote wazima.

Kamba inapita juu ya kisigino. Sasa sikiliza.

Nilipomaliza barua yako nilikichukua kile kiaskari nikakifumbata ngumini, nikavaa viatu, kimoja cha kwangu kimoja cha Chiriku, nikaenda kwa kinyozi. Unajua mimi na yule mtu hatusemezani. Nikimwona huku napita kule, miaka yote hiyo. Yeye alirudi kutoka darajani, akakosa mguu tu. Wangu hakurudi. Basi.

Nikaingia. Duka limejaa. Kwenye kiti yupo mtu kanyolewa upande mmoja. Nikakipigisha kile kiaskari kwenye rafu yake, pale kwenye mafuta na vitana, nikasema, "Haya, niambie! Mbele ya watu hawa! Mume wangu alikuwa mwizi?"

Kinyozi akasema, "Dada, shikilia kidogo, nina wembe mkononi."

"Utakata, utaacha, leo utasema!"

Yule wa kwenye kiti akasema, "Jamani, gombaneni nikishamalizwa."

Kinyozi akafuta mikono. Akakichukua, akakisogeza dirishani. Akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma. Akapitisha ukucha kwenye yale mafundo yako. Nilidhani anatafuta uongo wa kuniambia. Akaniuliza, "Nani kachonga hili furushi?"

Nikasema, "Mtoto wake."

Akasema, "Mwambie amechonga vizuri. Lakini hili si furushi, dada. Hili ni mimi."

Nilijikuta nimekaa kwenye benchi katikati ya wateja.

Hawakuwa na mafurushi! Walikuwa wamebebana! Filimbi ilipigwa, filimbi ya kurudi, ya amri, kila mzima akamtia majeruhi mgongoni akamfunga kwa mkanda na kamba asidondoke, wakavuka. Ndiyo mafundo yako hayo. Ndiyo "mali za watu." Baba yako alimbeba huyu kinyozi, mguu umening'inia kwa ngozi. Akamweka chini ng'ambo hii, akasema, "Ngoja, mpishi kabaki," akarudi. Na alipokuwa kule, daraja likalipuliwa. Na wetu! Si adui! Waliolipua ni wa kwetu, kwa amri iliyotoka kwenye redio, na kwenye redio alikuwa nani? Muulize huyo Meja wako alikuwa nani kwenye redio! Kinyozi anasema Meja pale darajani hakuwepo hata siku moja, daraja alilijua kwenye ramani. Aliona kwa macho yake! Aliona gazeti, kama mtu mwingine yeyote aliyefungiwa samaki ndani yake!

Umeniuliza alikimbia au hakukimbia. Alikimbia. Alikimbia na mtu mgongoni, halafu akakimbia tena kurudi kule, mgongo mtupu. Sasa umejua, na mimi nimejua siku hiyohiyo unayojua wewe, na hasira niliyo nayo sijui niiweke wapi, chumba hakitoshi. Nimeosha vyombo mpaka kimoja kimepasuka.

Hao askari kwenye trei wasiguse meza hiyo na mafurushi. Umenisikia?

Mama yako.


Tarehe 2 Aprili

Kwako mama,

Shikamoo.

Sikulala vizuri, lakini sikukaa bure. Udongo ukishakauka hautoki, ni kama jiwe. Nilianza kuukwangua na nilikuwa nakata mpaka shati la mtu. Kisha nikaona sihitaji kutoa kitu. Furushi tayari lina upana wa mgongo wa mtu, na askari ameinama vilevile anavyoinama anayebeba mzito, sababu nilimfuata yule wa kwenye picha, mkunjo kwa mkunjo. Mkono wangu ulikuwa unajua, mimi ndiye nilikuwa sijui. Kilichokosekana ni kichwa begani, mikono shingoni na miguu inayoning'inia. Kamba nimeziacha. Mafundo nimeyaacha.

Nilimaliza watatu, Meja akaingia karakana. Akavaa miwani, akainama kwenye trei. Akasema, "Hawa ni nani hawa?"

Nikamwambia, "Majeruhi."

"Nani kakuagiza majeruhi?"

Nikamwambia nimezungumza na mtu aliyekuwepo. Akauliza cheo chake. Nikasema ni kinyozi. Mama, alicheka. Akamgeukia bosi akasema, "Unaniletea historia ya saluni?" Nikamuuliza nani alikuwa kwenye redio siku ile. Hapo akaacha kucheka. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akatoka bila kufunga mlango.

Bosi amenipigia kelele nusu ya siku. Anasema mafurushi yarudi kabla ya maonyesho au nitafute pa kwenda. Na mtu mbaya si yeye, mama, anaogopa tu kama watu wote.

Naendelea na majeruhi. Nikifukuzwa nifukuzwe nimemaliza. Lakini yule wa baba sijamgusa. Sitaki kubahatisha. Mwombe kinyozi aniandikie mwenyewe: walibebanaje? Mkono upi ulikuwa wapi?

Mwanao, Kidole.


Tarehe 10 Aprili

Kijana,

Mimi ni kinyozi wa kona. Kuandika si kazi yangu, nitakwenda kwa kifupi kama nywele za mteja mkali.

Baba yako alikuwa mfupi kuliko mimi. Kwa hiyo miguu yangu ilikuwa karibu inaburuzika, mzima wa kulia na ule mwingine. Mkono wa kushoto ulipita kifuani kwake. Wa kulia haukupata mahali, shingo ilikuwa na jasho nikawa nateleza, nikamshika sikio. Nililing'ang'ania daraja lote. Akawa ananitukana, "Sikio langu, wewe mzigo, sikio!" Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya mwisho, ukiondoa lile la mpishi. Bunduki yake nilikuwa nimeivaa mimi, na aliporudi hakuikumbuka. Chupa ilikuwa kiunoni upande wa kulia, kitambaa cha maua, wenzake walikuwa wanamtania nacho njia nzima.

Unaweza kuuliza kwa nini sikusema mapema. Nilisema. Nilipotoka hospitali nyumba ya kwanza kwenda ni kwenu, na magongo yangu. Mama yako alinipokea kwa ufagio kabla sijamaliza sentensi ya kwanza. Wengine niliwasimulia wakanyolewa wakaondoka.

Usimwogope Meja. Mimi namnyoa mtu yeyote, na nakuambia shingo zote ni laini.

Kinyozi wa kona, furushi mstaafu.

(Kidole, mimi mama yako naongeza hapa chini kwa kuwa barua imepitia kwangu. Ya ufagio ni kweli. Lakini alisimama mlangoni yuko hai, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Angekuwa nani nisimpige? Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine. Hiyo ni ya Meja. Mpe mkononi, usiifungue.)


Tarehe 10 Aprili

Kwako Meja,

Salamu sikupi.

Mimi ni mama wa kijana anayekuchongea askari, na ni mke wa mmoja uliyemwita mwizi. Sikusoma sana, utanisamehe herufi, mengine usinisamehe.

Mwanangu kaniambia unacheza vita mezani. Cheza. Lakini kwenye meza yako ukishindwa unakusanya askari wako unawarudisha kwenye boksi wote, na daraja unalishindilia vijiti upya. Mimi wangu sikumrudisha kwenye boksi lolote. Hata kaburi nimelifukia tupu.

Ungenyamaza tu ningekuacha. Makosa ya vita yapo, amri hutoka, watu hubaki ng'ambo. Ungekuja ukasema, mama, nilikosea saa, ningekupiga na wewe kwa ufagio halafu ningekupa kiti. Lakini ulichagua kusema walikimbia na nguo za watu. Watoto wakamwimbia mwanangu. Ulitaka daraja liwe limelipuliwa juu ya wezi ili usiku ulale.

Ulilala?

Mke wa mtu wa kombania ya pili.


Tarehe 29 Aprili

Kwako mama,

Shikamoo. Usinisubiri kwenye simu, siwezi kuyasema haya kwa mdomo.

Maonyesho yamepita. Nilimaliza wote usiku wa kuamkia siku yenyewe, na baba alikuwa wa mwisho. Sikio lenyewe nilirudia mara tatu, kidole cha kinyozi kila nikikiweka kinaonekana kama anamnong'oneza. Hatimaye kikakaa.

Bosi alikuwa ametafuta fundi mwingine, amechonga mafurushi mapya harakaharaka, kama viazi. Mimi nilifika kabla ya watu, nikaondoa viazi, nikawapanga wangu darajani. Bosi akaniona. Akageuka akaanza kupanga viti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Barua yako nilimpa Meja mkononi. Aliisoma amesimama mbele ya meza. Uso haukubadilika kitu. Akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akasema, "Mama yako haelewi vita." Halafu mchezo ukaanza.

Kanuni ya mchezo wao, kikosi kinachokimbia kinaondolewa mezani. Kuna fimbo ndefu ya kusukumia. Ilipofika zamu yake Meja hakurusha hata dadu. Alichukua ile fimbo, akawasukuma wote kwa mkupuo, darajani, ukingoni mwa meza, wakaanguka sakafuni. Ukumbi mzima ulisikia bati likigonga sakafu.

Sikumpiga, mama. Ulinilea vibaya. Nilipiga magoti nikaanza kuokota. Mchezaji mmoja, daktari mzee, akapiga magoti upande wa pili akawa ananipa mmojammoja. Alipomfikia baba akamsogeza karibu na macho, akaniuliza, "Huyu wa mgongoni anashika nini?" Nikamwambia, "Sikio, asidondoke." Akaendelea kumtazama. Akasimama, akachukua kofia yake, akaondoka. Wengine wawili wakamfuata. Meja akabaki ameshika fimbo, meza imejaa adui na hakuna wa kupigana nao.

Kazi sina. Askari nimewafunga kwenye pamba, wanakuja kwa posta. Mmoja mkono umevunjika, nitawafuata nimtengeneze, kama bado mna nafasi ya mtu aliyeacha meno.

Mwanao, Kidole.


Tarehe 12 Mei

Kwako mwanangu Kidole,

Salamu zangu upokee, na za Chiriku aliyelia, na za mjomba aliyesema ni vumbi la vitambaa, na za Mama Mapacha, na za mapacha ambao nimewakataza kugusa boksi na wakagusa. Shangazi yako amekuja mwenyewe. Alikuwa dada wa marehemu kabla sijakuwa mke, nilikuwa nimesahau. Kabati bado hatujalizungumza.

Kwanza hasira, ili nimalize. Huyo Meja. Kila nikipepeta mchele namwona. Aliitia barua yangu mfukoni. Kwa nini hakuitupa? Mtu asiyetaka maneno huyatupa. Basi aitembeze humo kwenye koti, ikimkwaruza kila akiinama. Na wewe, meno uliyaacha bila kuniambia, hilo sijakusamehe, nimelisogeza pembeni tu.

Askari wako hawapo nyumbani. Kinyozi alikuja kuwaomba. Nilifungua mlango, ufagio ulikuwa kule nyuma, akasema, "Dada, leo naruhusiwa kumaliza sentensi?" Nikampa kiti. Sasa wapo kwenye rafu yake, mbele ya kioo kile kikubwa. Mteja akikaa hana pa kukwepa. Mbele anaona watu wanakimbia kuja kwake, na kwenye kioo anaona migongo yao, na kwenye migongo anaona watu. Juzi bwana mmoja wa mtaa wa ngazi za mawe, ambaye wanawe walikuimbia, alikaa hapo kichwa kimelowa sabuni. Akauliza, "Hawa ndio nani?" Kinyozi akamwinamishia kichwa akasema, "Tulia, nakusimulia, na nina wembe." Akasikiliza yote, nakuambia! Aliyevunjika mkono usimguse. Kinyozi anasema darajani hakuna aliyefika mzima.

Sasa jambo la maana. Kabla hawajaondoka niliwapanga mapajani kwa bibi yako. Nilimwambia ukweli wote, meno na kila kitu. Akawapapasa mmojammoja, taratibu. Alipofika kwa baba yako akalipata lile sikio, akacheka, akasema, "Masikio haya nimeyavuta sana." Akashika viatu vya matairi, akashika chupa, akashika kitambaa. Nikadhani ameridhika. Kumbe bado anapapasa magoti, anapapasa nyayo zinavyotazama. Akaniuliza, "Huyu anakuja, siyo?"

Nikasema, "Ndiyo mama, anakuja."

Akanirudishia mkononi. Akasema, "Mwanangu hakuja."

Kidole, yule ni kweli lakini ni nusu. Wote uliowachonga wanakuja huku. Nichongee mmoja anayerudi kule. Mgongo mtupu, ila zile kamba ziwe zinaning'inia, maana hakuwa na muda wa kuzifungua. Bunduki usimpe, ilibaki kwa kinyozi. Sikio la kulia liwe limevimba. Kinyozi atamweka peke yake upande wa pili wa rafu, uso kwenye kioo, ili anayenyolewa aone mgongo wake na uso wake pamoja. Ndani ya bahasha nimekutilia kipande cha lile gauni, nilikuwa nakitunza sijui kwa nini. Maua yana petali nne, usiniwekee tano.

Mchongee hapa nyumbani, mezani kwangu, njoo na vyombo vyako. Lakini jibu upesi, hata kwa mistari miwili, useme unakuja lini. Bibi yako hataki tena kushika kitu kingine, mikono ameiweka wazi mapajani tangu juzi, na kila posta ikipita anauliza kama mwanawe amerudi kule.

Ni mimi mama yako.